Mibono Ilipokunywa Maji ya Mahindi

Eliufoo Mmari alizaliwa wa tatu kati ya wavulana watano, na huko Uru kwao kuzaliwa katikati ni mkosi usio na dawa. Kihamba cha baba, pamoja na migomba yake na kahawa yake, humegwa mara mbili tu: pande moja la mtoto wa kwanza, pande lenye nyumba la kitinda mimba. Wa katikati huachiwa baraka. Eliufoo alizichukua baraka zake mwaka sabini na nne, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, akateremka nazo pamoja na panga na debe la mbegu mpaka Kahe, tambarare, ambako jua humfuata mtu mpaka kivulini na mlima huonekana asubuhi tu, kama ndugu aliyekukataa.

Alifyeka pori ekari tatu. Akaoa Elinipendo, binti wa Old Moshi, ambaye alilia mwezi mzima kwa joto na mbu, kisha akafuta machozi akashika jembe. Malaria iliwachukulia watoto watatu. Alibaki binti mmoja, Kindness.

Sifa ya Eliufoo ilikuwa maji. Kijiji kile kiliishi kwa mfongo, yaani mfereji unaotoka mtoni na kupita mashamba ya kaya arobaini na moja. Mwaka tisini na moja walimchagua awe mgawa maji, na hawakumchagua kwa kuwa walimpenda. Walimchagua kwa kuwa hakuwa na mpendwa. Zamu ya kila shamba aliijua kwa kichwa. Alichomeka kijiti ardhini, akatazama kivuli chake, na kivuli kikifika alifunga banio, mlango wa maji wa shamba, hata kama mwenye shamba alikuwa amebakiza mistari miwili. Hakupokea kuku, hakupokea mbege, hakupokea hata salamu ndefu. "Zamu ni zamu," alisema, na watu walinung'unika wakiwa na mahindi ghalani.

Kampuni ya mbono ilikuja mwaka elfu mbili na sita. Aliyekuja kwa niaba yake alikuwa bibi shamba kijana aitwaye Evelyn, mwenye pikipiki nyekundu na maneno laini. Aliwakusanya wanakijiji katika darasa la shule ya msingi, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, naye akawaonyesha mbegu nyeusi kiganjani.

"Hii mnaijua," alisema.

Waliijua. Kila mtu aliyezaliwa mlimani anaujua mbono. Ni mti wa uzio na mpaka, ng'ombe haugusi, mbuzi haugusi.

"Sasa Wazungu wanatafuta mafuta yake kwa taa na tochi. Yanaendesha magari, yanarusha ndege. Mbono hauhitaji mbolea, hauhitaji maji, hauna mdudu. Unapanda mara moja, unavuna miaka hamsini."

Elinipendo alinyoosha mkono. "Mwanangu, na usiponunuliwa, unaungwa na nini?"

Darasa zima likacheka. Evelyn naye akacheka, akamshika bega. "Mama, usiponunuliwa? Ndege zinausubiri huu!"

Eliufoo hakucheka. Aliona aibu kuwa mkewe ameuliza swali la jikoni mbele ya mtu wa ofisi.

Haikupita wiki, Evelyn akamfuata shambani. Alikuwa ameulizia, akaambiwa kwamba kijijini pale anayesikilizwa ni mgawa maji. Akampa fulana yenye jina la kampuni na cheo cha mkulima kiongozi. Na akamwambia jambo ambalo hakulisema darasani: kwamba kiongozi atakayeandikisha kaya thelathini na kuhakikisha mibono yao inazaa, kampuni itampa pampu ya maji ya dizeli, mali yake mwenyewe. Eliufoo alikuwa na ekari moja iliyoinuka juu ya mfongo, ambayo maji hayakuwahi kuipanda tangu siku alipoifyeka. Miaka thelathini na miwili aliitazama ikikauka. Mtu wa katikati, aliyenyimwa ardhi na baba yake, akaahidiwa ekari moja zaidi. Aliandikisha kaya thelathini kwa miezi miwili.

Ya ishirini na nane ilikuwa ya Monica, mjane wa marehemu Basili, jirani yake wa upande wa chini. Monica alikuwa na ekari mbili na nusu na mtoto mmoja wa kike, Gladness, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini. Yeye na Elinipendo walikuwa kama chanda na pete. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mlutheri, lakini chumvi yao ilikuwa moja.

"Shikamoo, Baba Kindness," Monica alimwambia siku ile, amesimama katikati ya mahindi yake. "Mimi sijui mambo ya ndege. Wewe ndiye unayeijua ardhi hii. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningeng'oa," Eliufoo alijibu.

Monica akang'oa ekari moja na nusu. Akabakiza moja ya mahindi.

Mibono ikaota vizuri, ikatoa majani mapana, na haikuzaa kitu. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Mwishoni mwa mwaka elfu mbili na nane Evelyn akaja na maneno mapya: kweli mbono hauhitaji maji ili uishi, lakini ili uzae unahitaji. Kampuni imeanza kukosa subira. Pampu ipo Moshi, imefungwa kwenye boksi lake, ameiona kwa macho yake. "Mzee, maji si unayo wewe?"

Masika ya mwaka uliofuata hayakuja. Wingu lilikaa mlimani likawanyeshea wenye vihamba, tambarare wakapata vumbi. Mfongo ukasinyaa ukawa kama mkojo wa ng'ombe. Ndipo Eliufoo akaitisha kamati akatangaza zamu mpya: siku nne za juma maji yataenda kwenye mibono, mbili kwenye mahindi, na Jumapili mfongo upumzike. Aliwaambia kwamba mwaka huu ndio wa mavuno, kwamba hela ya mbono itanunua mahindi mara tatu ya hayo wanayoyalilia. Walimwamini, kwa kuwa miaka kumi na minane hakuwahi kupindisha hata kivuli cha kijiti. Habari za pampu hakumwambia mtu ila Elinipendo, mezani, wakila kiburu cha ndizi na maharage, na Elinipendo aliweka kijiko chini asikiokote tena mlo ule.

Mahindi ya Monica yalikuwa yanatoa mbelewele. Mkulima yeyote anajua kwamba hindi likikosa maji siku hizo kumi, hata ukilimwagia mto baadaye ni kazi bure. Zamu yake ilikuwa imesukumwa mbele siku tisa.

Alikuja asubuhi, amemshika Gladness mkono. Mtoto alikuwa na miaka saba wakati huo, mapengo mbele.

"Baba Kindness, naomba saa mbili tu. Saa mbili, yashike."

"Zamu yako Alhamisi ijayo."

"Alhamisi yatakuwa yamekufa."

"Mama Gladness, nikikupa wewe nitamnyima nani? Na mibono yako leo inakunywa. Nenda kaiangalie."

"Mibono sili," Monica alisema.

"Zamu ni zamu."

Gladness alimwamkia Eliufoo wakati wanaondoka. Alikuwa amefundishwa adabu. Eliufoo aliitikia marahaba.

Keshokutwa yake, saa sita mchana, jua limesimama wima, Eliufoo alikuwa anakagua mfongo akaona maji yamepungua ghafla. Alifuata ukingo mpaka kwenye banio la Monica. Mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kanga imefungwa kiunoni, amelinyanyua banio na kuliegemeza jiwe, na maji yanaingia kwenye mahindi ya Monica yakitoa sauti ile ya ardhi yenye kiu.

Hakumpiga. Hajawahi kumpiga. Alisogeza jiwe kwa mguu, banio likaanguka.

"Yalikuwa yameingia mistari sita tu," Elinipendo alisema. "Yaache yafike kumi."

"Toka hapo."

Na jioni ile ile, kwenye mkutano wa mfongo, alifanya jambo ambalo watu wa Kahe hulisimulia hadi leo. Alisimama, akasoma jina la mkewe. Elinipendo, mke wa Mmari, mwizi wa maji. Faini ya mwizi wa maji ni mbuzi. Mwenyekiti wa kamati, Wilson, mtu mzima mwenye huruma, alisema, "Mzee, haya si ya nyumbani tu? Tuyaachie hapo." Eliufoo akasema sheria haina shemeji. Elinipendo alikuwa na mbuzi mmoja, jike, mwenye mimba, aliyepewa na mama yake. Akaenda kumfungua mwenyewe, akamleta kwa kamba, akaikabidhi kamba mkononi mwa mumewe mbele ya watu wote. Kamati wakamchinja. Eliufoo alikula fungu lake, ili isionekane ameona haya.

Mahindi ya Monica yalipauka yakawa makaratasi. Ya wengine wengi pia. Lakini mibono, kwa mara ya kwanza, ilizaa. Watu walivuna, wakamenya, wakakausha, wakajaza magunia, wakayapanga sebuleni kwa kuwa maghala yao matupu hayakuwa tena na kufuli, na mbono iliogopewa wezi. Wakasubiri lori.

Lori halikuja. Simu ya Evelyn ikawa haipatikani. Baada ya wiki tatu Eliufoo alivaa ile fulana akapanda gari mpaka Moshi, akaenda kwenye ofisi ya kampuni, ambako aliwahi kupelekwa kwa semina ya wakulima viongozi. Alimkuta mlinzi ameketi kwenye ngazi anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Hao walishafunga mzee. Tangu Juni."

"Wamehamia wapi?"

"Kwao. Waliondoka na vitu vyote, mpaka mapazia."

"Kulikuwa na pampu humu. Kwenye boksi."

Mlinzi alimtazama, akatazama fulana. "Mzee wangu, humu kulikuwa na meza tatu na kompyuta. Pampu mimi sijaiona."

Njaa ya mwaka ule haikuwa ya kuua watu barabarani. Ilikuwa ya kimyakimya, ya uji mara moja kwa siku, ya wanaume kwenda vibarua kwenye mashamba ya watu na wanawake kuchuma mboga za porini hadi zikaisha. Monica alipata kibarua cha kufua mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Aliondoka alfajiri akarudi jua linazama na kilo moja ya unga. Gladness alishinda nyumbani na magunia tisa.

Mbegu ya mbono ukiibangua ni nyeupe ndani, na tamu. Tamu kama karanga. Hilo ndilo watu hawalijui. Mtoto alitoboa gunia kwa kidole.

Elinipendo ndiye aliyemkuta, saa nane mchana, kwenye uchochoro wa choo, ametapika mpaka anatapika maji matupu, tumbo limemlegea, macho yameingia ndani. Alipiga yowe. Eliufoo alikuwa na baiskeli. Sifa yake na apewe: alimbeba mtoto yule mbele yake kwenye bomba, mkono mmoja usukani, mkono mmoja umemkumbatia, akakanyaga kilomita za vumbi kuelekea lami ambako magari ya kwenda hospitali hupatikana. Njiani Gladness aliomba maji. Eliufoo hakuwa nayo. Alimwambia vumilia, tunafika. Aliomba tena, akaomba tena, kisha akaacha kuomba, na Eliufoo alikanyaga hatua nyingi kabla hajaelewa kwa nini.

Mazishini watu walijaa uwanja wa Monica. Hakuna aliyekuwa amemnyooshea Eliufoo kidole bado. Yeye mwenyewe ndiye aliyejinyooshea. Mzee mmoja alisema, kwa kusikitika tu, bila nia mbaya, "Mbegu hizi zimetumaliza." Na Eliufoo, aliyekuwa hajalala siku mbili, ambaye bado alihisi uzito wa mtoto kifuani, alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Mimi sikumlisha mtu mbono. Mtoto huachwaje peke yake?"

Monica alikuwa kwenye mkeka ndani, mlango wazi. Alisikia kila neno. Elinipendo, aliyekaa naye ameushika mkono wake, alisikia pia. Wanaume wawili walimshika Eliufoo makwapani wakamtoa uwanjani taratibu, kama wanavyomtoa mlevi.

Kijiji kikamtenga. Walikaa kikao, wakaandika, wakatia sahihi. Asisalimiwe, asisagiwe mashineni, asiazimwe jembe, asialikwe msiba wala harusi, na msiba ukimfika yeye azike mwenyewe. Cheo cha mgawa maji akavuliwa. Mibono iling'olewa kijiji kizima ikachomwa, na moshi wake mzito ulikaa bondeni siku kadhaa. Na kwa kuwa mke na mume ni mwili mmoja, adhabu ikamwangukia na Elinipendo, aliyelipa mbuzi kwa ajili ya mahindi ya watu.

Miaka saba waliishi hivyo. Kindness alikuwa ameolewa mjini. Alimletea mama yake unga, akashinda naye jikoni. Elinipendo alimpikia mumewe, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. "Chakula kipo." "Koti lako liko juani." Lakini hakuanzisha neno. Eliufoo alijiambia kwamba mwanamke amechoka, kwamba ni joto, kwamba ni umri. Hakuwahi kumwomba msamaha wa mbuzi, wala wa jina lililosomwa mkutanoni. Kila alipotaka, alijiona kama mtu anayetaka kuinua banio lililokwishaota kutu.

Mwaka elfu mbili na kumi na sita tumbo la Elinipendo lilianza kuvimba. Hospitalini mjini wakasema amechelewa. Alirudi kufia nyumbani. Kila alasiri Eliufoo alipotoka kwenda kuchunga ng'ombe wake mmoja, akirudi alikuta bakuli la uji lisilokuwa la kwao, limeoshwa, limefunikwa. Alidhani ni Kindness.

Elinipendo alikufa Jumanne asubuhi. Eliufoo alichukua sululu akaanza kuchimba peke yake nyuma ya nyumba, mzee wa miaka sitini na sita, kwenye udongo wa kiangazi unaolia kama chuma. Mchana ulimkuta amefika magotini. Mkwewe, mume wa Kindness, alimsaidia kidogo, viganja vya ofisi vikachubuka. Jumatano jua likiwa utosini alisikia miguu. Aliinua kichwa. Walikuwa wanakuja, Wilson mbele, wanaume kama ishirini na majembe begani, na wanawake nyuma yao na masufuria. Mbele ya wanawake alikuwa Monica.

Eliufoo alilia. Alisimama ndani ya shimo akalia bila kujificha, akasema, "Karibuni. Mungu awabariki. Karibuni."

Monica alifika ukingoni. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi.

"Toka shimoni, Baba Kindness," alisema. "Watachimba wao. Tumekuja kwa ajili ya Elinipendo."

"Asante, mama. Asante."

"Usinishukuru. Utakaa pale, kwenye zizi. Jeneza likishuka usisogee. Udongo hutatia."

Alidhani hakusikia vizuri. Mume ndiye hutangulia kutia udongo. Hata mlevi, hata mzinzi, hanyimwi hilo. "Ni mke wangu," alisema. "Kijiji kinaweza kunitenga mimi. Hakiwezi kunikataza kumzika mke wangu."

"Si kijiji. Ni yeye mwenyewe. Nilikuwa namletea uji kila ulipotoka. Alisema mkono uliomfungia banio usimfukie."

Eliufoo alimgeukia Wilson. Wilson aliangalia jembe lake. Akamtafuta Kindness kwa macho, akamwona amesimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani.

"Mwambie anadanganya," alimwambia.

Kindness alitikisa kichwa. "Ndivyo alivyosema, baba. Mimi nilikuwepo. Nilimwomba abadilishe. Akasema zamu ni zamu."

Walimpa mkono akatoka shimoni. Alikwenda akasimama zizini kando ya ng'ombe, mikono imejaa vumbi, akatazama watu wakichimba sehemu ya kaburi iliyobaki, kwa nusu ya muda aliotumia yeye. Mchungaji aliposema mavumbi kwa mavumbi, Kindness alitia wa kwanza, Monica wa pili. Waliimba sauti nne. Chakula kilipopakuliwa walimletea na yeye sahani, wali na maharage, wakaiweka juu ya mti wa zizi. Alikula. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi, na mwili hauna aibu.

Kutengwa kulikufa kwenyewe baada ya hapo, hakuna aliyekufuta. Vijana wa leo humwamkia mzee Mmari njiani. Wengine hawajui kisa, wengine wamekisikia kwa bibi zao na hawakiamini. Ana miaka sabini na tano. Mahindi yake hunyweshwa na mgawa maji mwingine, na ekari ile ya juu bado haijawahi kuguswa na maji. Kindness hupiga simu Jumapili baada ya ibada, humuuliza kama amekula, humsikiliza akijibu, kisha hukata.

Msiba ukitokea kijijini, yeye huwa wa kwanza kufika na sululu. Watu humruhusu achimbe mpaka pumzi imwishie, kisha humpokea. Jeneza likiletwa yeye hurudi nyuma mwenyewe, hufuta udongo viganjani kwa majani, na kwenda kusimama mbali na watu.